Kabla Hujatoboa, Uliza Mto Ulifika Wapi

Televisheni ikianguka Garsen haianguki peke yake. Inaanguka pamoja na mbuzi waliouzwa ili ipatikane. Inaanguka pamoja na safari ya zaidi ya kilomita 100 kutoka Malindi, mwenyewe ameipakata ndani ya matatu kama mtoto mwenye homa, kila tuta likija anaiinua kidogo isitikiswe. Na kwa kuwa hupenda kuanguka usiku, wakati wa taarifa ya habari au wa mpira, inaanguka mbele ya watoto wa mtaa mzima waliojazana dirishani, ambao kesho yake watakuwa wameifikisha habari Minjila kabla ya chai ya saa nne.

Kazi yangu ni kuzuia kilio hicho. Nimetundika televisheni hapa mjini, Ngao, Tarasaa, Gamba, hata Kipini mto unapoingia baharini, na kazi hii naipenda. Kuna raha ya pekee kumwona bibi aliyezoea kukalia mkeka akitazama kijijini mwake kitu kinachotendeka Nairobi muda huohuo. Kwa hiyo mwongozo huu nauandika kwa moyo mmoja, na nauandika hasa kwa ajili ya ukuta mgeni ulioingia kwetu kimyakimya: ukuta wa mbao za jipsamu uliosimamishwa juu ya nguzo nyembamba za bati. Utaukuta kwenye ofisi mpya, kwenye duka la simu lililogawanywa vyumba viwili, kwenye gesti iliyopakwa rangi ya krimu, kwenye kontena lililogeuzwa zahanati. Umenyooka, hauna ufa, umepakwa rangi ukapakika. Ukiutazama tu utaapa ni ukuta wa mawe, na kiapo hicho ndicho kinachovunja televisheni za watu.

Bisha hodi

Pwani hatuingii nyumba ya mtu bila kubisha hodi, na ukuta nao una nyumba yake ndani. Ubishie. Gonga kwa kifundo cha kidole, taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia, sikio likiwa karibu.

Ukuta wa matofali ya saruji utakujibu kwa mkato, na kidole kitauma. Huo una mambo machache: biti ya zege, plagi ya plastiki, skrubu ndefu, umemaliza. Ukuta wa udongo na fito haujibu kitu, unaimeza sauti. Huo usiupe mzigo udongo wenyewe hata siku moja. Tafuta boriti mbili zilizo ndani, funga ubao mpana kutoka boriti moja hadi nyingine, kisha televisheni iende juu ya ubao. Boriti ya mkoko kutoka upande wa Kipini haimpi mchwa nafasi upesi. Ubao wa mwembe tunao tele, lakini wadudu wanaupenda kuliko sisi tunavyopenda maembe, kwa hiyo ukiutumia upake dawa kwanza na uukague kila mwaka. Na kama nyumba ni ile ya duara ya Waorma, inayojengwa na akina mama kwa fito zilizokunjwa na nyasi, usiilazimishe iwe na ukuta ulionyooka. Hukosi kitu. Weka meza nzito, ifunge televisheni kwa mkanda isisukumwe na ndama, na jioni yenu itakuwa njema kama ya mtu yeyote.

Bati lina kelele, na halina nguvu. Karatasi la bati halibebi hata saa ya ukutani kwa muda mrefu. Ndani yake kuna fremu, ama ya mbao ama ya anglaini, na ni fremu hiyo unayoitafuta. Ila bati lina tatizo la pili ambalo watu wengi hawalifikirii, nalo ni jua. Vijitabu vingi vinavyokuja na televisheni huandika kwamba joto la chumba lisizidi nyuzi 40. Ukuta wa bati wa upande wa magharibi, mwezi wa pili, saa kumi jioni, ukiweka kiganja unakitoa mbio. Televisheni haina pa kukimbilia. Itundike kwenye ukuta usiopigwa na jua la jioni, uiache iwe mbali na bati kwa upana wa kiganja ili hewa ipite, na uwazi huo uufunike juu kwa wavu mdogo, maana mjusi kafiri akishagundua joto lile la nyuma ya mashine atahamia na familia yake yote, na siku atakapokanyaga mahali pabaya mtakuwa mmempoteza yeye na televisheni.

Sasa ukuta wetu mgeni. Ukiugonga utasikia sauti ya hamri lililoumuka vizuri: ngozi nje, hewa ndani. Endelea kugonga. Mahali fulani sauti itakuwa nzito kidogo, kama mtu aliyesimama nyuma ya mlango akazuia pumzi. Hapo ndipo nguzo ilipo.

Sumaku ya redio iliyokufa

Nguzo hizo hukunjwa kwa bati lililopakwa zinki, zikapata umbo la herufi C, yaani upande mmoja uko wazi. Zile za bei nafuu, ambazo ndizo nyingi, zina unene wa nusu milimita hivi. Ni ndugu wa kopo la maziwa ya unga. Husimamishwa kwa kuachana sentimita 40 au 60, na wauzaji huziita stadi. Kwa Kiswahili stadi ni mtu mwenye ujuzi, na hata huyu wa bati ujuzi anao: anajua kusimama wima na kuushikilia ubao wa jipsamu usiyumbe. Kubeba mzigo uliotokeza mbele ni kazi nyingine kabisa, na lazima tumsaidie.

Kumpata si kazi ngumu, na huhitaji kifaa cha dukani. Karibu kila nyumba ya hapa ina redio kuukuu iliyonyamaza zamani. Omba ruhusa ya mzee mwenyewe, fungua, toa spika, na nyuma yake kuna sumaku nyeusi ya duara. Ifunge uzi, iburuze ukutani polepole. Itateleza, itateleza, halafu itanasa. Imenasa kwenye kichwa cha skrubu kilichofichwa chini ya rangi, na skrubu hiyo imeingia kwenye nguzo. Weka alama kwa penseli, shuka chini, itanasa tena. Ukipata alama tatu zilizosimama kwenye mstari mmoja wima kwa mujibu wa pimamaji, umeshampata. Nenda sentimita 40 pembeni, kama hakuna kitu nenda 60, na mwenzake atakuwa anakungoja. Alama moja iliyo peke yake usiiamini, inaweza kuwa msumari wa mtu aliyepita.

Uso wa nguzo ni mwembamba, upana wake ni kama vidole viwili. Unataka katikati yake hasa. Ukitoboa ukingoni, hasa upande ule ulio wazi, bati litakunjuka kama jani la mgomba, na ukishaliona limekunjuka usijipe moyo. Hamia mahali pengine sentimita kadhaa juu au chini.

Mabawa

Hapa ndipo nilipopotea miaka ya mwanzo, na nitasema ilivyokuwa kwa sababu mtu mwingine anaweza kuwa anaelekea hukohuko.

Nilitundika televisheni ya inchi 43 kwenye ukuta wa jipsamu kwa skrubu za mbao. Nguzo nilizipata, katikati nilipata, pimamaji ilitulia. Skrubu ziliingia na zikakaza vizuri mkononi. Lakini skrubu ya mbao imetengenezwa ing'ate mbao kwa urefu wake wote. Ukiipa nusu milimita ya bati, inang'ata kwa jino moja. Breketi niliyotumia ilikuwa ya mkono, ile inayovutika mbele na kugeuka, kwa sababu mwenye nyumba alitaka majirani walio barazani nao waone. Kila jioni iligeuzwa kuelekea dirishani, kila usiku ikarudishwa. Upepo ukipiga, mlango unabamizwa, ukuta mzima unatetemeka. Yale matundu manne yalipanuka kidogo kidogo hadi yakawa na umbo la yai. Wiki ya sita nikapigiwa simu. Yule mama hakunifokea. Alikuwa ameshavifagia vioo akaviweka kwenye karai, akanionyesha karai. Nililipa kwa awamu, na nilipomaliza kulipa ndipo nilipoanza kujifunza kazi hii kwa kweli.

Hesabu yenyewe ni hii. Televisheni ya inchi 43 huwa na uzito wa kilo 8 hadi 10. Ikiwa imelala karibu na ukuta, uzito huo unashuka chini, na nguzo nyembamba huvumilia kushukiwa. Ukiivuta mbele sentimita 40 kwa mkono, na bolti za juu na za chini za breketi zimeachana sentimita 20, zile kilo 10 zinageuka kuwa nguvu ya kilo 20 inayozing'oa bolti za juu kutoka ukutani. Hapo bado hakuna mtoto aliyening'inia juu yake. Kwa hiyo kwenye nguzo za bati tupu, chagua breketi iliyobana ukuta. Breketi ya mkono ina njia yake, nitaifikia.

Bolti unayoitaka ni ile ya mabawa. Ina mabawa mawili ya chuma yanayokunjwa, unayapitisha tunduni, yakifika ng'ambo yanafunguka na kukataa kurudi. Yanashika bati kwa nyuma, kwa upana, badala ya kulinyonga kwa jino moja. Garsen huenda usizipate dukani kila siku, kwa hiyo ziagize mapema Malindi au Mombasa pamoja na breketi, usingoje siku umeshatoboa. Mwaka 2024, mafuriko yalipoikata barabara ya Lamu pale Lango la Simba karibu na Gamba, watu walivushwa kwa maboti, na mwenye kungoja bolti alingoja kweli.

Zima stima kwenye swichi kuu. Sababu nitaieleza kwa kirefu mbele. Toboa kwanza kwa biti ndogo, milimita 3, usikie unapita jipsamu laini halafu unagusa chuma. Usipogusa chuma, simama, nguzo haiko hapo. Ukigusa, endelea hadi ipite, kisha panua tundu kwa biti ya chuma hadi kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti ya bolti, ambacho mara nyingi huwa milimita 12 au 13. Zungusha drili polepole na usisukume kwa bega. Bati jembamba likisukumwa linabonyea kabla ya kutoboka. Ingiza mabawa, na kabla ya kukaza yageuze yalale wima kufuata urefu wa nguzo, maana yakilala kwa upana hayatapata mahali pa kutandaza. Kaza kwa mkono. Drili la kukazia lina nguvu nyingi na halina huruma, litaiponda jipsamu ikawa unga na bolti itabaki inaelea. Bolti nne, mbili kwa kila nguzo, kwa nguzo mbili. Chini ya hapo mimi siondoki.

Na sasa breketi ya mkono, kwa kuwa najua utaitaka tu. Televisheni ya mtu mmoja hapa kwetu ni ya watu thelathini, na siwezi kumlaumu mtu anayetaka kuigeuza iwatazame walio nje. Chukua plaiwudi ya milimita 18, ikate iwe ndefu kiasi cha kuvuka nguzo tatu. Pitisha bolti za breketi kutoka nyuma ya ubao, vichwa vizame ndani yake, kabla hujaufunga ukutani. Kisha funga ubao kwenye nguzo zote tatu kwa bolti za mabawa, juu, katikati na chini. Mzigo uliokuwa umeelemea sehemu nne sasa umegawanywa mara tisa. Paka ubao rangi ya ukuta au uache uonekane. Mimi napenda uonekane, wageni waone nyumba ina mifupa.

Kuliko vyote hivyo, lililo bora ni kuwahi. Ikiwa ukuta haujafungwa bado, mwambie fundi wa jipsamu akuwekee ubao mnene kati ya nguzo mbili, usawa wa mahali televisheni itakapokaa, halafu pigeni picha ya fremu kwa simu, futi ikiwa imenyooshwa sakafuni ionekane. Picha hiyo itunzeni kama hati ya shamba. Gharama ya kuwahi ni kipande cha mbao, na fundi atakayekuja miaka 5 baadaye atawaombea dua.

Nyuma ya televisheni utakuta matundu manne ya kufungia breketi. Yapime kabla ya kununua; mengi yako kwa milimita 200 kwa 200, makubwa zaidi ni 400 kwa 200 au 400 kwa 400. Bolti zake ziwe za urefu uliotajwa kwenye kijitabu. Ndefu kupita kiasi itaingia hadi kugusa kioo kwa ndani, na hilo halina dawa.

Kabla ya kuitundika, ijaribu breketi kwa mwili wako. Ishike kwa mikono miwili, uielemee pole pole ukiivuta chini na mbele. Ikilia, sikiliza inalia wapi. Mwezi wa nane mwaka 2025, Kenya, Uganda na Tanzania zilipoandaa mashindano ya CHAN, niliona sebule moja ikijaa watu hadi wengine wameegemea ukuta uleule wa televisheni, mabega yao yakienda mbele na nyuma kila Harambee Stars walipokaribia goli. Ukuta wa jipsamu unaegemewa na watu kumi na wanne, na bolti nne zinashikilia. Ukawekwa wimbo wa taifa. Watu wa mbali hawajui, ila sisi wa Tana tunajua kwamba sauti ile ilitoka kwa akina mama wa Kipokomo wakibembeleza watoto, ikachukuliwa mwaka 1963 ikawa ya nchi nzima. Mzee mmoja wa Kipokomo pale mbele alikuwa anaimba maneno yake ya zamani, siyo ya serikali. Siku kama hiyo skrubu moja ikichomoka unakuwa umeharibu kitu ambacho pesa hairudishi. Nasema hivi ili ujue kwa nini nasisitiza kuielemea breketi.

Ukuta unapogeuka waya

Nitakuwa mkali kidogo hapa.

Nguzo za bati zina matundu ya kupitishia nyaya, na kingo za matundu hayo ni wembe. Fundi mwenye haraka hupitisha waya mtupu, anauvuta, ngozi ya waya inachubuka, na hakuna anayejua. Skrubu yako nayo inaweza kuupata waya huohuo gizani. Katika ukuta wa udongo kosa hilo linaweza kubaki kosa la mahali pamoja. Katika ukuta wa nguzo za bati, kila nguzo imeshikana na reli ya juu na ya chini, kwa hiyo fremu nzima inapata stima: kila skrubu, breketi, sinki iliyofungwa upande wa pili, mlango wa chuma. Mtu anapiga deki miguu mitupu, anashika ukuta asiteleze.

Basi nyaya zipite ndani ya bomba la plastiki tangu mwanzo hadi mwisho. Fremu yenyewe iunganishwe na waya wa kijani na njano unaokwenda ardhini, na kazi hiyo aifanye fundi wa stima mwenye leseni. Usione haya kumwomba akuonyeshe leseni. Kwenye boksi la stima kuwe na ile swichi inayokata yenyewe stima ikivuja. Soketi ya televisheni ikae juu, nyuma ya televisheni, isiwe kwenye sakafu. Ukisikia radi upande wa Ngao, chomoa stima na uchomoe pia waya wa dishi, kwa sababu dishi liko juu ya mlingoti wa chuma na radi haibagui.

Wenye sola wasiseme hayawahusu. Sola ya volti 12 haiui mtu kama stima, lakini waya wake uliochubuka kwenye bati unaweza kuwasha moto, na betri ina nguvu za kutosha kuuendeleza. Fyuzi iwe karibu na betri.

Mto

Vitabu vinasema katikati ya skrini pawe usawa wa macho ya mtu aliyekaa, kama sentimita 100 hadi 110 kutoka sakafuni. Vitabu hivyo viliandikwa na watu wanaokaa kwenye kochi, mahali ambapo mto hauingii sebuleni.

Niliitwa na mama mmoja karibu na Idsowe. Nyumba yake ni ya matofali, na kijana wake aliye Mombasa alimgawia sebule kwa ukuta wa jipsamu ili apate chumba cha wageni. Nikapima, nikaweka alama ya penseli.

“Mama, tuiweke hapa, usawa wa macho.”

“Macho ya nani, mwanangu? Yangu au ya mto?”

Akanishika mkono akanipeleka nyuma ya mlango. Kwenye plasta kulikuwa na mikwaruzo ya msumari. Mmoja usawa wa goti: 2018. Mwingine juu yake, usawa wa nyonga: 2024. Akasema nyumba ya marehemu mama yake, iliyokuwa hapohapo, ilikuwa na wa 1997, mwaka wa El Niño, lakini huo uliondoka na nyumba yenyewe. Kisha akaniambia nibonyeze jipsamu chini karibu na sakafu. Kidole kiliingia kama kwenye mkate uliolowa chai.

Mto Tana huanzia kwenye Mlima Kenya na milima ya Aberdare, unapita mabwawa ya Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere, halafu unateremka nchi kavu hadi kwetu. Masinga ikijaa na kufurika, maji huchukua siku kadhaa kutufikia. Wapokomo wameishi na hali hiyo vizazi kwa vizazi, wakipanda kwa kufuata maji na wakihama kwa kufuata maji. Ni haki televisheni nayo ifuate desturi ya nyumba.

Kwa hiyo kabla hujatoboa, uliza mto ulifika wapi. Usimuulize kijana aliyejenga juzi, muulize mzee, muulize mama, na kama hakuna mikwaruzo itafute michirizi ya tope nyuma ya kabati. Chukua mstari wa juu kabisa, ongeza dhiraa moja, na hapo ndipo pawe ukingo wa chini wa televisheni. Itakuwa juu kuliko vitabu vinavyotaka, na watazamaji wetu wengi hukaa kwenye mkeka, kwa hiyo tumia breketi inayoinamisha skrini ielekee chini. Shingo zitazoea, na skrini iliyoinama haiakisi mwanga wa mlangoni.

Jipsamu ikilowa inapoteza nguvu zake, na hata ikikauka hairudi kama ilivyokuwa. Kwenye nyumba inayofikiwa na maji, ile mita moja ya chini ifungwe bodi za saruji badala ya jipsamu, na reli ya chini ya bati ikaguliwe kila baada ya mafuriko, kwa kuwa zinki ikichubuka kutu inaanzia miguuni na kupanda. Nguzo iliyooza mguu inaweza kuonekana nzima kwa miaka, televisheni ikiwa bado juu yake.

La mwisho ni kuishusha. Televisheni ya Garsen isifungwe kama isiyotarajia kuondoka. Nunua breketi ya kulabu, ile ambayo televisheni inaning'inizwa na kufungwa kwa bolti mbili ndogo kwa chini. Nyaya ziachiwe urefu wa ziada ili zichomolewe bila kuvutwa. Shuka au blanketi la kuizungushia liwe linajulikana ni lipi. Siku redio inaposema Masinga imejaa, shusheni siku hiyo, watu wawili, na ifungeni pamoja na vyeti vya shule na vitambulisho, tayari kwa mtumbwi au kwa trekta, lolote litakalotangulia.

Na yule mama tulijaribu kuishusha mara tatu, yeye upande mmoja na mimi upande wa pili. Mara ya kwanza ilituchukua muda mrefu, bolti ya kushoto ilikuwa imekaza mno. Mara ya tatu aliimaliza karibu peke yake, mimi nikimpokea tu. Tuliporudisha televisheni mahali pake nilianza kukusanya vifaa vyangu mfukoni.

“Hiyo spana namba kumi unaipeleka wapi?” akaniuliza.

Nilimwachia. Tulipigilia msumari kando ya dirisha, akapima kwa mkono wake kuhakikisha uko juu ya mstari wa 2024, akaitundika.